Mchoraji Amesafiri

Tone la rangi ya njano lilianguka kutoka juu ya ngazi likatua begani mwa blauzi nyeupe, blauzi pekee ya maana aliyokuwa nayo binti yule, asubuhi ya siku aliyokuwa akienda kwenye usaili wa kazi.

Watu walikuwa wamefurika barabarani, mikokoteni ikipiga kelele za kuomba njia, wauza soksi wakinadi. Juu ya mlango wa duka la vifaa vya ujenzi, kijana mrefu mwenye ovaroli yenye madoa ya kila rangi alikuwa akimalizia herufi ya mwisho ya bango.

"Dada, samahani. Samahani sana tena."

"Samahani inafua nguo?"

"Haifui. Na nikiigusa hiyo rangi nitaitandaza zaidi, bora nikwambie ukweli. Kwani unaenda wapi umependeza hivyo?"

"Kwenye usaili. Kampuni ya matangazo ya mtandaoni."

Kijana akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Kumbe tunagombania mkate mmoja! Haya, nenda. Watakuchukua. Mwenye alama hasahauliki."

Wakamchukua kweli. Bosi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alilitazama lile doa akasema, "Hapa kazi yetu ni kuonekana, na wewe umeshaonekana." Jioni binti akarudi kwa barabara ileile, ingawa nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa akiishi, kulikuwa upande mwingine kabisa. Alijidanganya kwamba amepotea njia. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wiki haikwisha shangazi akauliza mbona siku hizi mtoto anarudi ananuka rangi.

Binti alimwita kijana yule Rangi. Rangi alimwita Bi Mtandao.

"Chema chajiuza, Bi Mtandao. Kibaya chajitembeza," Rangi alipenda kumchokoza, wakiwa wameketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, wanagawana njugu.

"Kikijiuza gizani nani atakiona? Asiyekuwepo na lake halipo, mpenzi. Na siku hizi usipokuwa ukurasa wa kwanza mtandaoni, hupo."

"Nipo hapa. Nishike uone."

Akamshika, na mjadala ukaishia hapo.

Enzi zile kazi ya binti ilikuwa changa na ya kuchekesha. Uliandika "viatu vizuri" ukarudia mpaka msomaji akapata kichefuchefu, na ukurasa ukapanda wenyewe juu ya orodha mtu akitafuta mtandaoni. Ili kujifunza, Bosi alimruhusu atengeneze ukurasa wa mtu yeyote amtakaye. Akamtengenezea Rangi. Alimpiga picha amevaa shati la njano, brashi sikioni, anacheka. Chini yake akaweka namba. Ofisini kwao kila mteja alipewa namba yake maalumu: anayeipiga anaunganishwa na simu ya mteja mwenyewe, na kampuni inajua tangazo limeleta watu au limelala. Kila simu ya Rangi ilipoita, kwanza ilipita kwake.

"Kwa hiyo hata nikiwa na mchepuko utajua?" Rangi aliuliza.

"Thubutu!"

Halafu akaja tajiri wa viatu.

Tajiri yule alikuwa na maduka mji mzima na alitaka kila duka lipate bango jipya. Alishazungumza na mchoraji mmoja, lakini mchoraji huyo hakutajwa kikaoni, na binti hakuuliza. Alisimama mbele ya wakubwa, sauti imejaa, koti la kuazima kwa shangazi likimbana mabegani, akasema kwamba mabango ya rangi ni pesa ya kutupa, kwamba wateja wako kwenye simu zao na tangazo liwafuate huko. Walimpigia makofi. Bosi akampandisha cheo siku hiyohiyo.

Jioni simu ikaita.

"Hongera," Rangi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Umejuaje, mpenzi? Nilitaka nikushtukize!"

"Na mimi nilitaka nikushtukize. Maduka yote yale yalikuwa yangu. Kwa kazi ile ningekwenda kwa wazazi wako nikiwa na uso wa kuwatazama. Tajiri kaniambia, 'Binti wa mtandao kasema rangi zenu ni pesa ya kutupa.' Akanielezea mpaka koti ulilovaa."

"Rangi, sikujua! Wallahi sikujua ni wewe."

"Simu zangu zote zinapita kwako, halafu hukujua?"

"Zinapita, mpenzi, sizisikilizi! Naona namba tu!"

Alikuwa anaongea peke yake. Kesho yake alikwenda mpaka chumbani kwa Rangi akakuta kufuli. Jirani akasema amekwenda kwa dada yake, mji wa mbali. Simu yake ikawa haipatikani.

Binti akafanya kitu ambacho hakumwambia mtu. Badala ya kuufunga ukurasa, aliielekeza ile namba ya ukurasa kwenye simu yake mwenyewe. Mtu akipiga kutafuta mchoraji wa mabango, alijibu yeye: "Mchoraji amesafiri. Atarudi."

"Lini?"

"Hakusema. Lakini atarudi."

Miaka ikaenda. Mbinu za kurudiarudia maneno zikafa, zikaja ramani, zikaja video, watu wakaacha kuandika wakawa wanaiuliza simu kwa mdomo. Wenzake wengi waliachwa kituoni kila mtindo ulipobadilika. Yeye alijifunza kila jipya, na kila jipya alilijaribu kwanza kwenye ukurasa wa mchoraji, asije akashuka. Alipata ofisi yenye mlango, akaajiri vijana, akanunua magauni yasiyo ya kuazima. Wanaume walikuja na maneno matamu, akawasikiliza kwa adabu, akawaaga.

"Mwanangu," shangazi alimwambia siku moja wakikunja nguo, "unasubiri mtu au unasubiri simu?"

"Vyote, shangazi."

"Basi angalau kula."

Hata simu zikakauka. Mashine zilianza kujibu maswali zenyewe, na watu waliosoma jibu hawakuwa na haja ya kufungua ukurasa wa mtu. Bosi, sasa mzee na miwani ileile, akamwita. "Kurasa zote zisizo na mteja zifungwe. Hata ule wa kujifunzia. Najua ni wa nani, mama, lakini hajakuja."

Alhamisi akaufunga. Lile shati la njano lilipotoweka kwenye kioo, aliinamia meza akalia kama aliyefiwa. Namba ya ukurasa ilibaki na uhai mpaka Jumatatu jioni.

Jumatatu mchana, akiwa amevaa gauni la krimu kwa ajili ya mkutano wa wateja, simu ikaita. Ilikuwa ile namba.

"Naomba kuzungumza na mchoraji wa mabango."

Aliitambua sauti ile kabla haijamaliza neno la pili, lakini mdomo ulijibu kwa mazoea. "Mchoraji amesafiri."

"Amesafiri, au mmemfukia? Nimemtafuta Ijumaa, hayupo. Kila nikizidiwa na upweke huwa namtafuta, namkuta wa kwanza, anacheka. Nasema, haya, bado kuna mtu anamkumbuka. Ijumaa nikaona patupu. Nikapanda gari."

"Ulikuwa unauona ukurasa miaka yote hii?"

"Nilipiga mara moja, zamani. Ukasema, 'Atarudi.' Nikaogopa nikakata. Mtu anayejua amekosea hana haraka ya kusikia anasubiriwa."

"Kwa hiyo unajua sikujua kazi ile ni yako?"

"Nilijua nilipokusikia unajibu simu zangu. Anayemfuta mtu hampokelei simu zake. Nisamehe, Bi Mtandao. Kiburi kilinila."

"Samahani inafua nguo?" alisema, machozi yakimtiririka, anacheka.

"Haifui. Uko wapi?"

"Ofisini. Wewe?"

"Juu ya ngazi. Mwenye duka la vifaa kaniona napita, kanipa brashi kabla sijatua begi. Bango langu limefifia, aibu tupu. Nikimaliza hili nataka kuchora moja dogo, la mlango wa nyumba. Sijui niandike nini. Wewe ndiye unayejua watu huandika nini wakitafuta. Wakitutafuta sisi wawili, waandike nini?"

Binti alimwambia msaidizi wake awaombe radhi wateja, akashuka ngazi za ofisi viatu mkononi.

Rangi alikuwa juu pale, mrefu vilevile, mvi kidogo pembeni mwa masikio, kopo la njano limening'inia. Binti alipenya kati ya mikokoteni akasimama palepale chini ya ngazi.

Rangi aliinama. Brashi ilikuwa imejaa.

"Dada, sogea kidogo. Itakudondokea."

"Iache idondoke."