Viti vya Wanawake

Fundi seremala alikuwa akipiga randa, redio ikisema juu ya rafu. Ghafla akasimamisha mkono.

"Mke wangu, njoo usikie! Nchi ya jirani imemaliza vita, inaunda serikali upya. Wabunge wetu wanataka itenge viti thelathini vya wanawake. Hiyo ni kazi ya mafundi!"

Mkewe alikuwa mlangoni akipiga kiti msasa. Vumbi la mbao lilimjaa usoni. "Viti vya wanawake? Vikoje hivyo?"

"Pengine vifupi. Au vina mito."

Jirani yao, karani mstaafu wa bunge, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kuchukua stuli yake. Mama huyo alicheka mpaka akashika meza.

"Ewe fundi, utaniua! Kiti cha bunge si mbao. Ni nafasi ya kukaa panapoamuliwa mambo."

Fundi aliona haya, lakini udadisi ulimshinda. "Na nchi ya watu inawahusu nini wabunge wetu?"

"Wanashauri tu. Wenye nchi ndio wataamua. Wakati wa vita wanawake walilea yatima na kutafuta chakula. Leo nchi inajengwa, waachwe nje?"

"Si wanaume watawasemea?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, fundi. Hata kama umekitengeneza wewe."

Mkewe aliacha msasa. "Na kamati yetu ya maji je?"

Lo! Bomba la mtaa lilikuwa kavu wiki ya tatu. Kila alfajiri mke wa Fundi alifuata maji mtaa wa pili, ndoo kichwani, shingo ikimuuma. Kamati ya zamani ilikuwa imegombana na kuvunjika. Jioni hiyo watu wangekutana hapo hapo karakana kuunda mpya. Fundi alikuwa ameandaa viti vitano vya wajumbe, na wanaume watano, yeye akiwamo, walikwisha kuvigawana.

"Wewe utakaribisha wageni," Fundi alisema. Mkewe akarudi kusugua, kwa hasira.

Jioni wanaume walikaa, wanawake wakasimama ukutani. Huyu alisema pampu imekufa. Yule akasema mwizi ameiba koki. Walibishana saa nzima.

"Jamani!" mke wa Fundi alipaza sauti. "Bomba limepasuka nyuma ya shule. Tunapita pale kila alfajiri, matope hayakauki."

"Mbona hukusema?" Fundi aliuliza.

"Nilikwambia mara mbili. Ukasema nisubiri kamati."

Watu wakaguna. Fundi alitamani ardhi impasukie. Alinyanyuka, akapangusa kiti chake. "Kaa, mke wangu."

"La," alisema karani. "Leo utampisha, kesho utamwinua. Tupige kura, wanaume na wanawake."

Wakapiga. Mke wa Fundi alipata kura nyingi kuliko wote. Karani akapita, na mama muuza mboga pia, pamoja na wanaume wawili. Fundi alikuwa wa sita, akakosa kiti.

Kesho yake walichimba nyuma ya shule. Mpasuko ulikuwa pale pale, wakauziba. Adhuhuri maji yalitoka, na ndoo zikajaa pale pale mtaani kwao.

Kikao kilichofuata, mke wa Fundi alikaa kwenye kiti cha mbele. Miaka kumi na miwili alikuwa akivipiga msasa viti vya karakana ile, na hakuwahi kukalia hata kimoja wakati wa kikao. Alijitikisa kidogo, akakunja uso.

"Fundi, mguu wa kiti hiki unacheza."

Fundi, aliyesimama ukutani, alichukua nyundo. "Nautengeneza sasa hivi, mjumbe."