Breki za Uongo

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Fundi alianza kwa kufagia chumba cha klabu yake ya treni. Hakuweza kugusa kitu kingine kabla ya hapo, kwa sababu kila siku alikuta uchafu uliorushwa ndani kupitia dirisha lisilo na kioo: maganda ya ndizi, soksi zinazonuka, mara moja hata panya aliyekufa. Hakuhitaji kuuliza ulikotoka. Timu ya mpira ya shule ilikitaka chumba hicho kiwe cha kubadilishia nguo, na nahodha wao, ambaye wote walimwita Kapteni, alikuwa ameapa kukipata.

"Bado upo?" Kapteni aliuliza siku hiyo, akiwa ameegemea mlango. "Nilidhani panya amekupa ujumbe."

"Amenipa. Kasema anakusalimia, mlikuwa mnakula sahani moja."

Wachezaji waliokuwa nyuma yake wakacheka. Kapteni hakucheka. Aliipiga teke ndoo ya takataka, ikabiringika hadi ukutani, kisha akaondoka bila haraka.

Hata jina Fundi lilikuwa kejeli. Wenzake walimbandika siku msichana huyo alipoonekana akibeba mlango wa kabati bovu kichwani kuelekea kwenye chumba hicho. Leo mlango ule ulikuwa ubavu wa kichwa cha treni ya kuigiza. Yeye na rafiki yake Waya, msichana mwembamba aliyependa mambo ya umeme, walikuwa wamejenga chumba kizima cha dereva kwa mbao na maboksi. Kiti kilitoka kwenye lori lililoachwa kuoza nyuma ya gereji. Pedali ilikuwa ya cherehani. Dereva alitakiwa kuikanyaga kila baada ya muda mfupi ili mashine ijue hajasinzia. Mkono wa breki ulikuwa bomba la chuma lililoviringishwa kamba ili lisiteleze mkononi. Mbele, mahali pa kioo, palikuwa na skrini ya kompyuta ya shule yenye programu ya kuigiza uendeshaji wa treni.

Njia waliyoichora ndani ya programu hiyo ilikuwa njia yao wenyewe, ile inayopita nyuma ya shule. Waliifuata kwa miguu wakati wa likizo, wakitembea kwenye kijia cha kando, wakachora kila mlingoti wa taa: kutoka stesheni, kupita tangi la maji, kona ya kiwanda cha mbao, hadi geti la reli, pale barabara inapokatiza njia ya treni karibu na shule. Baba yake Fundi alikuwa dereva wa treni za mawe. Jioni aliwarekebishia michoro huku akiwa amekunja uso.

"Mlingoti huu mmeuweka upande usio wake," alisema. "Na hapa mmepanda miti. Hiyo miti mmeitoa wapi?"

"Tuliona pamekaa vibaya bila miti, Baba."

"Basi ng'oeni. Mimi huwa naona ukuta hapo, na nauona kila siku."

Miti iling'olewa, ukuta ukajengwa.

Mwalimu Mkuu naye hakuwa rafiki wa mradi huo. Aliwaita wote wawili, Fundi na Kapteni, akawaambia kwa ufupi. Wiki hiyo kila darasa lingejaribu treni. Kisha siku ya wazazi wangeijaribu wageni. "Nikiona watu wananufaika, chumba ni cha klabu. Nikiona wanapoteza muda, chumba ni cha timu. Na sitaki kesi nyingine ya panya mezani kwangu."

Majaribio yalianza vibaya. Watoto wa darasa la nne waliuliza usukani uko wapi. Fundi alipowaeleza kwamba treni haina usukani, inafuata reli, walimwangalia kama mtu aliyewaibia. Lakini tatizo kubwa lilikuwa breki. Pale kwenye geti taa ilikuwa nyekundu, na dereva alitakiwa kusimama kabla ya kuifikia. Taa ya njano, huko nyuma kwenye tangi la maji, ilikuwa inamwonya aanze kupunguza mwendo mapema. Hakuna aliyeijali. Kila mmoja alikwenda mbio, akaona nyekundu, akavuta breki kwa nguvu zake zote, na treni yenye mabehewa ya mawe ikapita geti bila hata kuona aibu.

"Hii ni mashine bovu," Kapteni alisema alipoteremka kwenye kiti, jasho likimtiririka. "Navuta breki, yenyewe inaendelea na safari zake."

"Ulipita taa ya njano kama huioni. Treni ndivyo ilivyo."

"Treni ndivyo ilivyo," Kapteni alimwigiza kwa sauti ya puani. Mlango mzima ulijaa vicheko. "Jamani, Dereva wa Maboksi kasema. Ondokeni mumpishe akafagie, chumba kesho ni chetu."

Mchana ule Fundi alibaki amekaa kwenye kiti cha lori, akiiangalia skrini. Waya alikuwa anakunja nyaya zake.

"Nikiongeza nguvu za breki kidogo tu," Fundi alisema, "wataacha kulalamika."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi aliivuta kibodi karibu. Alifungua ukurasa wa vipimo vya treni, akafuta ile namba ambayo baba yake alimsaidia kuipata, akaandika nyingine kubwa zaidi. Akajaribu. Treni yenye mzigo wa mawe ikasimama kama baiskeli mpya.

"Baba yako akiiona hii je?" Waya akauliza.

"Baba yangu hatafuti chumba. Mimi ndiye ninayetafuta."

Kuanzia kesho yake mambo yaligeuka. Watoto walipanga foleni. Walikwenda kasi, wakangoja hadi taa nyekundu ijae kwenye skrini, wakavuta breki, treni ikasimama pale pale. Kapteni alirudi tena na tena. Alikuwa na jicho kali na mkono mwepesi, na baada ya muda hakuna aliyeweza kushindana naye: aliweza kuvuta breki akiwa ameshapita kona ya kiwanda cha mbao na bado akasimama kabla ya geti. Takataka dirishani zikakoma. Siku moja, akiwa anatoka, alisema bila kumtazama Fundi usoni, "Labda timu itatafuta chumba kingine. Labda."

Fundi alilala akiwa na furaha, ingawa furaha yenyewe ilimkaa vibaya kama nguo ya kuazima.

Siku mbili kabla ya wazazi kuja, yeye na Waya walikuwa wakirudi nyumbani kupitia barabara ya geti. Kengele ya geti ilikuwa ikilia na kizuizi kilikuwa kimeshuka. Watu wachache walisimama wakisubiri. Ndani ya kizuizi, katikati ya reli, alisimama Kapteni, begi lake chini miguuni na mikono kiunoni. Wenzake wawili walikuwa kando wakimrekodi kwa simu.

"Toka hapo wewe," mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alisema. "Unataka kutuua kwa presha?"

"Tulia, mama. Atanisimamishia," Kapteni alijibu. "Dereva akiniona ni lazima asimame. Mimi mwenyewe nimeisimamisha kutoka kiwandani mara ngapi? Waulizeni hawa."

Treni ilikuwa imeshapita tangi la maji. Fundi alikitambua kile kichwa chenye mkwaruzo mrefu ubavuni, na alijua ni baba yake aliyekalia kiti.

"Toka relini," alipiga kelele. "Haisimami. Nilidanganya."

"Una wivu."

"Breki nimezibadilisha mimi. Ile ya kompyuta si ya kweli. Namba niliiandika mimi ili mnyamaze, unasikia? Hujawahi kusimamisha treni hata siku moja. Hakuna aliyewahi."

Honi ilipasua hewa. Kisha ukaja mlio wa breki, mlio mrefu wa chuma kikisagana na chuma, na moshi ukafuka chini ya magurudumu. Kapteni aligeuka kuitazama. Ilikuwa imeshikwa na breki zote, kila mtu aliweza kusikia hivyo, na bado ilikuwa inakuja, wala haikuonekana kupungua. Uso wake ulibadilika. Akaruka. Alianguka kwenye kokoto upande wa pili, na begi lake likapotea chini ya kichwa cha treni.

Mabehewa yalipita. Yakapita mengine. Yalipita kwa muda mrefu kiasi kwamba yule mtoto mgongoni mwa mama yake aliacha kulia na kuanza kuyatazama. Hatimaye kukawa kimya. Kichwa cha treni kilikuwa kimekwenda kusimama mbali sana, ng'ambo ya shule, hadi hakikuonekana tena.

Baba yake Fundi alirudi kwa miguu, akiinama chini ya kila behewa alilolipita na kuchungulia. Alipomwona Kapteni akiwa hai, alisimama, akashika mlingoti wa kizuizi kwa mikono miwili.

"Ni wewe?" aliuliza.

Kapteni aliitikia kwa kichwa. Damu ilimchuruzika gotini.

"Nani alikwambia treni inasimama?"

"Muulize binti yako," Kapteni alisema, sauti ikimkatika. "Yeye ndiye aliyetufundisha."

Baba alimgeukia Fundi. Fundi aliona kwamba anaweza kusema ulikuwa mchezo tu, kwamba Kapteni ana kichwa kigumu, kwamba hakuna aliyemtuma aingie relini. Yote yalikuwa kweli. Alisema, "Nilibadilisha breki, Baba. Nilitaka chumba."

Baba alimpa kisogo, akazungumza kwenye redio yake ya mkononi, akaanza safari ndefu ya kurudi kwenye kichwa cha treni. Nyumbani jioni ile hakumsemesha. Fundi angependa zaidi achapwe.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu kabla ya kengele. Alimweleza mambo yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo klabu yako ingemuua mwanafunzi wangu," Mwalimu Mkuu alisema. "Nenda kabomoe hayo maboksi."

"Nitabomoa, Mwalimu. Ila naomba baada ya wazazi kuja. Shule nzima imejifunzia pale kwamba treni inasimama. Nikibomoa leo, wataendelea kuamini hivyo."

"Na wazazi waje waone nini? Treni isiyosimama?"

"Ndiyo, Mwalimu. Waone treni isiyosimama."

Mwalimu Mkuu aligongagonga meza kwa kalamu. "Siku moja tu," alisema. "Halafu tutaonana."

Fundi alirudisha namba ya kweli. Kisha yeye na Waya wakaongeza kitu kimoja kwenye njia: mwanafunzi aliyevaa sare ya shule yao, akiingia relini pale getini wakati treni inatoka kwenye kona ya kiwanda.

Siku ya wazazi watu waliingia wakicheka, wakiuliza usukani uko wapi. Mzazi wa kwanza kukaa kwenye kiti alikuwa baba mnene mwenye mizaha. Alipomwona yule mwanafunzi kwenye skrini alivuta breki mara moja, bila kuchelewa hata kidogo. Treni ikapita. Skrini ikawa nyeusi. Akajaribu tena, akashindwa tena, na mizaha ikamwishia. Wa pili alikuwa mama yake Kapteni. Skrini iliposhakuwa nyeusi, bado alikuwa ameng'ang'ania bomba la breki akilivuta kwa mikono miwili, na Waya ndiye aliyembandua vidole taratibu, kimoja kimoja.

Hakuna aliyecheka tena. Wanafunzi walibanana mlangoni, pamoja na timu nzima ya mpira. Kapteni alipita katikati yao akichechemea, akakaa kwenye kiti, akaendesha. Safari hii alianza kupunguza mwendo alipoona taa ya njano, na treni ilikuwa inatambaa ilipofika kwenye kona. Ilisimama mbele ya yule mwanafunzi.

"Sijakusamehe," alimwambia Fundi alipoinuka.

"Najua. Na mimi panya sijamsahau."

Mwalimu Mkuu alikohoa. Alisema chumba kitabaki kama kilivyo, na kila mwanafunzi anayevuka geti kwenda nyumbani atakaa kwenye kiti kile kabla ya muhula kwisha. Timu ingepewa stoo ya madawati, ikishasafishwa, na watakaoisafisha ni wao wenyewe. Wachezaji waliguna.

Baba yake Fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa, bado na sare ya kazi. Watu walipomwomba aseme neno, alitaka kukataa. Kisha akaja mbele na kuweka mkono begani kwa binti yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Huyu ni mwanangu na bado nimemkasirikia," alisema. "Alitengeneza kitu kizuri, akakosea mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo penye uhai wa mtu. Wanangu, ukijidanganya mwenyewe, hasara ni yako. Lakini ukitengeneza kitu ili wengine wajifunze, kisha ukaweka uongo ndani yake kwa sababu uongo unapendwa, basi wao ndio watakaoulipia, tena bila kujua. Kama ukweli unachosha watu, waache wachoke. Kaa nao, waeleze tena." Alimgeukia Kapteni. "Mwanangu alisema ukweli alipokuwa na kila sababu ya kunyamaza. Ndiyo maana kijana huyu leo ameingia hapa kwa miguu yake."

Kisha akakaa kwenye kiti cha lori, akakanyaga pedali ya cherehani, akaweka mkono kwenye breki. "Haya, Fundi," alisema. "Nipe njia."