Kilichoshonewa Ndani ya Kochi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alitunga uzi kwenye sindano kumi. Alizichomeka kwenye kipande cha sponji juu ya meza ya Baba, kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine, kisha akafagia vumbi la mbao na kufuta cherehani kubwa ya kushonea ngozi. Baba yake alikuwa fundi wa makochi, na macho yake hayakuona vizuri tena tundu la sindano. Kwa kazi hiyo, na kwa wembamba wake, binti huyo wa miaka kumi na miwili alipata jina ambalo hata mwalimu wake alilitumia.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyuma yake ilikuwa sebule, na humo kulikuwa na kochi la kahawia la watu watatu ambalo Baba alilitengeneza mwaka aliooa. Wateja waliokuja kuulizia bei walipelekwa kwanza kulikalia. "Kaa, usiogope," Baba aliwaambia. "Hicho ndicho cheti changu."

Lakini mwaka huu kochi lilianza kulalamika. Aliyegundua kwanza ni mdogo wake Sindano, mtoto wa miaka mitano aliyeitwa Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu.

"Sikilizeni!" alisema asubuhi moja, akirukaruka juu yake. "Kochi linatafuna karatasi! Kwacha, kwacha!"

"Shuka hapo!" Baba alifoka kutoka karakana, nyundo mkononi.

Mtoto alishuka akilia. Mama, ambaye alikuwa anafunga vifungo vya sare yake ya kazi ya kufua shuka hospitalini, aligeuka kwa mshangao.

"Jamani, Baba Sindano, huyu ni mtoto. Halafu kweli linakwaruza. Mganga hajigangi, najua, lakini hata fundi?"

"Ni sponji imekauka. Nitalirekebisha."

"Umelirekebisha Jumapili tatu mfululizo," Mama alisema akicheka, akatoka.

Baba hakucheka. Siku hizi hakucheka kabisa. Simu yake ilipolia kwa namba ngeni, alimsukumia Sindano. "Waambie sipo." Mara ya kwanza Sindano alikosea maneno. Kufikia mara ya kumi, uongo ulitoka wenyewe. Siku moja sauti ya mwanamke, ya upole sana, ilimuuliza, "Na wewe mwanangu, ni nani yake?"

Sindano alimtazama Baba. Baba alitazama sakafu.

"Mimi... mimi ni jirani tu," alisema.

Usiku ule alimwachia mdogo wake chakula chake. Alikuwa amemkana baba yake.

Jumamosi, Mama akiwa kazini na Baba ameenda kununua misumari, sindano moja ilianguka ikapotelea sebuleni. Sindano alilala kifudifudi kuitafuta chini ya kochi, na hapo akaona mshono. Ulikuwa wa uzi mweusi, mrefu, umepindapinda. Baba ndiye aliyemfundisha kwamba mshono mzuri hauonekani. Huu ulikuwa wa mtu aliyekuwa anakimbizwa.

Alichukua mkasi mdogo, akafumua. Bahasha ikamdondokea usoni, kisha nyingine, kisha rundo zima. Zote zilikuwa na mhuri wa benki, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Alizihesabu: thelathini na nne.

"Umefanya nini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Pakiti ya misumari ilimponyoka. Sindano alidhani atapigwa, lakini Baba alipiga magoti kati ya bahasha, akaanza kuzikusanya.

"Unakumbuka vile viti arobaini vya hoteli?" alisema. "Nilinunua ngozi na sponji kwa kadi ya mkopo. Hoteli ikafungwa, mwenyewe akatoweka, sikupata hata thumni. Nikachukua kadi ya pili ili nilipe ya kwanza. Halafu akaunti yangu ina ovadrafti. Fedha zako zikiisha, benki inakuacha uendelee kutoa za kwao, kisha inakudai na riba juu. Nikatoa. Barua zikaanza kuja." Aliigeuza bahasha moja mkononi. "Nilidhani nikizifungua ndipo deni litakuwa la kweli. Mwanangu, usimwambie mama yako. Nitalimaliza mwenyewe."

Machozi yalimtoka Sindano. "Baba, kwenye simu nimesema hupo. Nimesema mimi ni jirani. Lakini Mama siwezi. Tafadhali usiniambie nimdanganye Mama."

Baba aliziweka bahasha chini. Mama aliporudi saa nane, aliwakuta hivyo hivyo sakafuni, na kochi tumbo wazi kama samaki aliyepasuliwa.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alivua viatu, akakaa chini, akasema, "Sindano, zipange kwa tarehe za mihuri. Tuanze na ya zamani."

Walizisoma moja baada ya moja. Kila barua ilikuwa na tarakimu kubwa kuliko iliyotangulia. Deni lililoanza likiwa sawa na mishahara minane ya Mama sasa lilikuwa limefikia mishahara ishirini. Barua ya mwisho ilisema kwamba ifikapo tarehe thelathini, kama fundi hatakuwa amefika kuelewana na benki, cherehani ya ngozi aliyoiweka dhamana itachukuliwa. Zilibaki siku tisa. Bila cherehani ile, Baba hakuwa fundi tena.

Lakini barua iliyomsimamisha Mama ilikuwa ya katikati, ya miezi saba nyuma. Aliisoma mara mbili, kisha akampa Baba. Benki ilikuwa tayari kusimamisha riba kabisa na kumruhusu alipe kidogokidogo, mradi afike ndani ya siku thelathini.

"Nilikuwa nimeikalia," Baba alisema taratibu.

"Tulikuwa tumeikalia sote," Mama alijibu. "Mimi nikiwa nakunywa chai juu yake."

Jumatatu Mama aliomba ruhusa kazini. Sindano naye aliombewa ruhusa shuleni, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mpangilio wa barua. Aliubeba mfuko wa barua kifuani hadi benki. Ofisa wao alikuwa mama mwenye miwani, na alipofungua mdomo, Sindano alitamani sakafu immeze. Ilikuwa ile sauti ya simuni.

"Na huyu binti?" ofisa aliuliza.

"Mimi ndiye yule jirani," Sindano alisema. "Samahani. Mimi ni mtoto wake."

Ofisa alivua miwani. "Nilijua, mwanangu. Majirani hawatetemeki sauti hivyo."

Hakuwa mkali, lakini habari zake hazikuwa nzuri. Ile nafuu ya miezi saba iliyopita ilikwisha na haingerudi. Riba iliyokwisha kuongezeka haingefutwa. Aliloweza ni kuunganisha kadi zote mbili na ovadrafti kuwa deni moja lenye riba ndogo, walilipe kwa miaka minne. Na malipo ya kwanza, sawa na mishahara miwili ya Mama, yafike Ijumaa. Yasipofika, gari la kuchukua cherehani lingekuja.

Baba alichukua mkasi juu ya meza akakata kadi zake mwenyewe. Njia nzima ya kurudi walipiga hesabu ya malipo ya kwanza. Hakukuwa na mtu wa kumkopa, na hata angekuwepo, Mama alisema, "Kuziba shimo kwa kuchimba lingine, basi tena."

Nyumbani Baba alilizunguka kochi mara tatu. Kisha akamwambia Sindano, "Tunga uzi wa kahawia."

Walifanya kazi siku tatu, baba na mwana. Waliweka sponji mpya iliyobaki karakana, wakalishona lote upya. Alhamisi alikuja mwenye bucha wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye utani mwingi. Alijitupa juu yake kwa uzito wote.

"Nilisikia kochi lako linaongea, fundi."

"Sasa limenyamaza," Baba alisema. "Maneno liliyokuwa nayo limeshayasema."

Walivutana bei hadi jasho likawatoka. Fedha zilipotolewa, pamoja na kabati la vyombo lililouzwa siku iliyotangulia, zilitosha, bila kubaki hata ya mkate. Sindano alisimama mlangoni akitazama cheti cha baba yake kikienda juu ya mkokoteni. Ijumaa asubuhi malipo ya kwanza yalifika benki. Cherehani ilibaki.

Jioni walikaa juu ya mkeka. Sebule ilikuwa kubwa mno, na sauti zao zilirudi kutoka ukutani.

"Miaka minne," Sindano alisema. "Nitakuwa na kumi na sita."

"Na mimi nitarukia wapi?" Bwana Mkubwa aliuliza kwa hasira.

Simu ikalia. Namba ngeni. Kwa mazoea Sindano alinyoosha mkono, lakini Baba alimtangulia. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi mwenyewe. Nipo." Alisikiliza, akashukuru, akaikata. Ilikuwa benki, kuthibitisha kwamba fedha zimeingia.

Aliiweka simu mkekani, akamtazama binti yake.

"Nilikufundisha kushona, na hilo silijutii. Lakini nilikufundisha pia kusema mimi sipo, na hilo uling'oe kabisa. Deni lilipokuwa dogo niliona aibu kulisema, likakua gizani hadi likatutoa kwenye viti vyetu. Ukiwa na jambo zito, Sindano, liseme nyumbani mapema, likiwa bado linabebeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimesikia, Baba."

"Haya. Sogea kidogo," Mama alisema, akijipenyeza katikati yao. "Mkeka nao ni wa kushirikiana, kama deni."