Utitiri Tulioufichiana

Ndugu zangu wa bonde hili, mkae vizuri niwaambie habari ambayo nusu yenu mnaijua, na nusu nyingine mnaijua ila mnajifanya hamuijui. Mimi ni Vera Kalmakoff, wa nyumba ya pili baada ya daraja. Sitajitetea. Mtaona wenyewe mbele ya safari.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, theluji ya kwanza imekaa juu ya ua, nami nipo jikoni kwa Nellie Perepelkin nakula borshi, supu yetu ya kabichi. Nellie alikuwa anafuma soksi. Mwaka wa saba huo tangu mishipa ya fahamu ianze kumsumbua, miguu ikimwaka moto na vidole vikigoma. Lakini siku ile vidole vilikuwa vinatembea, na kila mtu alijua sababu. Chini, kwenye chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, mumewe Walter alikuwa na redio yake, taa zake na bangi ya mkewe, miche minne kama sheria inavyoruhusu kila nyumba.

Mmoja kati ya hiyo minne ndio tuliouita Mama. Nellie aliuotesha kwa mbegu miaka sita nyuma, akauchagua kati ya thelathini, na tangu hapo Walter alikuwa anakata vipandikizi kutoka kwake, anavichanuza, anamtengenezea mkewe mafuta. Ya dukani alijaribu, yakampa kizunguzungu na kutapika. Ya Mama yalimpa usingizi. Mama ukifa, hakuna mahali pa kununua mwingine, maana haukuwahi kutoka nyumba ile.

Sasa basi. Wiki ileile tulikuwa na mkutano wetu wa kubadilishana vipandikizi kule ukumbini. Mnajua tunavyofanya: kila mtu na vikombe vyake vya karatasi, maneno matamu mengi, na hakuna anayemwuliza mwenzake kama mche wake ni msafi. Kuuliza hivyo kwetu ni kama kumwuliza mtu kama ana chawa. Walter alikuwa amevuna mche mmoja, nafasi iko wazi. Nikampa kipandikizi changu. Akakificha ndani ya koti kisipigwe na baridi, akaenda kukiweka moja kwa moja ubavuni mwa Mama.

Na mimi, ndugu zangu, wiki mbili kabla nilikuwa nimeona vidoadoa vyeupe kwenye majani yangu. Nilipulizia maji ya sabuni mara moja, vikapungua, nikasema yamekwisha. Mara moja! Mayai ya utitiri, wale wadudu wadogo mno wanaofyonza majani, yanacheka ukipulizia mara moja. Wakubwa wanakufa, baada ya siku chache watoto wanatoka na kuanza upya. Hilo nilikuwa silijui. Nilichojua ni kwamba sitaki mtu ajue.

Ndani ya wiki mbili Walter akaviona vidoadoa. Akadhani ni njaa ya mbolea, akaongeza mbolea. Baridi ilikuwa imezidi, akakoleza jiko la kuni, chumba kikawa cha moto na kikavu, na hakuna kitu utitiri unachokipenda kama joto kavu. Siku ya kumi na nane akakuta utando mwembamba umefunga ncha za maua. Angeweza kupiga simu. Badala yake akatia kufuli mlangoni.

Msimcheke. Sisi wazee wote tunaijua ile kufuli. Tulilima miaka mingi helikopta za polisi zikipita juu ya mapaa, tukajifunza kutosema na kutoomba msaada. Sheria ilibadilika, midomo ikabaki imefungwa.

"Mbona kufuli?" Nellie alimwuliza. "Polisi wamerudi?"

"Hamna. Unyevunyevu tu."

"Walter, nimekaa na wewe miaka arobaini na mitatu. Ukisema hamna, kuna jambo."

"Mama watoto, kunywa chai yako."

Akaenda mjini akanunua dawa ya kuulia wadudu wa waridi, ile yenye fuvu kwenye chupa. Nellie alinusa harufu kutoka jikoni. Akashuka ngazi, mkono kwenye mbao za ukuta, mguu mmoja mmoja, na siku hizo ngazi zilikuwa adui yake. Alimkuta mumewe amejifunga leso puani, miche miwili ya maua na kipandikizi changu vimelowa chapachapa, na bomba linaelekezwa kwa Mama.

"Weka chini hilo!"

"Nellie, nauokoa!"

"Unauokoa na nini? Soma hapo. Mimi nakula mafuta yake, Walter! Ulitaka kunilisha sumu kimyakimya?"

Walter aliketi kwenye ndoo akalia. Aliniambia mwenyewe baadaye, wala hakuona haya kuniambia. Miche yote mitatu iliyolowa ilifungwa kwenye mfuko ikatupwa. Ukabaki Mama peke yake, majani yake yamegeuka rangi ya vumbi, utando kila kona.

Jioni hiyo Nellie alinipigia simu. "Vera, nikuulize bila kukuudhi. Kile kipandikizi chako kilikuwa kizima?"

Nikasema, "Kizima kabisa."

Maneno mawili tu. Mafuta yaliyobaki yalikwisha kabla ya Krismasi. Nellie akaacha kufuma. Nilipoenda kumwona alikuwa kitandani mchana, macho mekundu, anacheka na mimi ili nisihuzunike. Akanikaribisha chai! Nilirudi nyumbani nikajiona mtu wa ovyo kabisa, na nilikuwa mtu wa ovyo kweli.

Jumapili iliyofuata, baada ya nyimbo za ibada, kabla watu hawajavaa makoti, nikasimama mbele ya ukumbi mzima.

"Nina utitiri," nikasema. "Nilikuwa nao tangu Novemba. Nikampa Walter. Nellie aliponiuliza, nikamdanganya."

Nilisikia birika likichemka kule nyuma. Nellie, aliyeletwa na Walter akishikwa mkono, alinitazama muda mrefu, nami sikuinamisha macho, maana jicho hilo nililistahili. Halafu Walter akainua mkono polepole, kama mtoto darasani. "Na mimi ninao." Nyuma yake mkono mwingine. Na mwingine. Pamoja na wangu nilihesabu kumi na moja, ndugu zangu! Kumi na moja, na kila mmoja alikuwa amejifungia kwake akidhani ni yeye peke yake.

Basi akainuka Doreen Hoyt, aliyefanya kazi kwenye mabanda ya kukuzia matango miaka kumi na tisa.

"Jamani nyie ni watu wazima hovyo," akasema. "Mnalia kwa ajili ya utitiri? Kule kwetu tulikuwa tunauona kila Jumatatu. Walter, jiko umezima?"

"Bado."

"Kazime. Nellie, huo mche wako unapona. Ila kuanzia leo hakuna kupulizia sumu, maana nawaleteeni wanaoula."

"Wanaokula nini?" Walter akauliza.

"Utitiri. Ni ndugu zake, wadogo vilevile, ila hawagusi jani. Wanakuja kwa posta, elfu mbili ndani ya chupa."

Nellie akaangua kicheko, cha kwanza tangu Novemba. "Nyumba yangu haijaingia nyama tangu enzi za babu, leo niletewe wala nyama elfu mbili?"

"Utawapikia borshi," Doreen akamjibu, na ukumbi mzima ukalipuka.

Tulifanya kazi siku nne. Tukakata majani yaliyoharibika, tukaosha yaliyobaki kwa maji, hasa chini yake ambako utitiri unaishi na kutaga. Walter akatundika mataulo mabichi chumba kiwe na unyevu. Chupa ilipofika, Doreen akanyunyiza wale wadudu juu ya majani kama anayetia chumvi. Akampa Nellie kioo cha kukuzia. Tukamweka kwenye kiti, akainama.

"Namwona mmoja mwekundu," akasema. "Anakimbia huyo! Amemkamata! Walter, amemkamata! Mle! Mle huyo mshenzi!"

Mwanamke huyu hajawahi kuua nzi maishani.

Wiki ya tatu tulitafuta utitiri kwa kioo mchana kutwa, hatukuuona hata mmoja. Mama ukatoa majani mapya, mabichi, safi. Nyumba nyingine zote kumi zikasafishwa kwa njia hiyohiyo, yangu ikiwa ya kwanza. Mei mafuta mapya yakapatikana. Juni, Nellie alipanda ngazi za ukumbi bila kushikwa mkono, akaketi mlangoni na meza, taa na kioo, akatangaza kwamba hakuna mche utakaopita bila kukaguliwa. Mimi alinikagua mara tatu. Kisha akanipa kikombe cha karatasi: kipandikizi cha Mama. "Kaa nacho wewe," akasema. "Siku wangu ukifa, nitajua pa kuja."

FUNZO

Mche mgeni ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuingia chumba cha wenzake. Geuza jani, angalia chini. Usipulizie mara moja ukasema yamekwisha, na usitie sumu kwenye kitu ambacho mtu atakula au kuvuta. Lakini hayo yote Doreen angetuambia Novemba, kama mmoja wetu angefungua mdomo. Utitiri haukumlaza Nellie kitandani. Aibu yangu ndiyo iliyomlaza. Kwa hiyo ukiuona kwako kesho, usitafute kufuli. Pita darajani, nyumba ya pili, gonga useme unao. Nitavaa viatu nije.