Uso wa Mzee Boga

Kila alasiri Mastura akitoka shule alipitia studio ya mjomba wake Khamis, pale Likoni, kabla ya kwenda nyumbani Shika Adabu. Alifagia, akapangusa kaunta, kisha akaruhusiwa kukaa mbele ya kompyuta. Mwaka ule wa 1998 kompyuta zilikuwa chache mtaani, na Mastura, msichana wa miaka kumi na mitatu, alijiona keshakuwa fundi. Ukimwelekeza jambo, jibu lake lilikuwa moja tu: "Najua!"

Siku hiyo alikuja na fremu tupu na picha ya marehemu babu yake, Mzee Boga. Ilikuwa ndogo kama ya kitambulisho, na ndiyo pekee iliyobaki. Macho ya bibi yake, Mwanatabu, yalikuwa yakipungua nuru, akataka picha ikuzwe na itiwe katika fremu hiyo, iliyobaki baada ya picha ya Makka kuliwa na mchwa.

"Fremu hiyo ni pana, na picha imesimama," mjomba alimwonya. "Ukiikuza, kamata pembe ya picha, urefu na upana viende pamoja. Patakapobaki wazi tutatia karatasi nyeupe."

"Najua, mjomba."

Mjomba akaenda kuswali. Mastura akaiingiza picha kwenye kompyuta, akaikuza, lakini pande mbili za fremu zilibaki wazi, naye hakupenda. Akaukamata ubavu wa picha, akauvuta hadi fremu ikajaa. Mashavu ya babu yakafura, shingo ikapotea ndani ya kanzu. Aliyaona hayo, wallahi aliyaona! Lakini alikuwa na haraka ya kusifiwa. Akaichapisha, akaitia kwenye fremu, huyoo nyumbani.

Bibi aliisogeza picha karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. "Nani huyu?"

"Si babu huyo!"

"Huyu? Boga hakuwa hivi, mjukuu wangu."

Mastura alipandwa na hasira. Kazi yote ile, hata ahsante hakuna! "Ni macho yako, bibi," alisema kwa ukali. "Picha haina kasoro."

Bibi alipapasa kioo kwa vidole. Machozi yakamlengalenga. "Basi nimemsahau mume wangu," alisema. "Maisha yote yale tumekaa pamoja, na leo sura yake imenitoka."

Mastura aliyasikia hayo, lakini hakusema kweli, mtoto yule!

Magharibi ilipokaribia, Mjomba Khamis alikuja kumwamkia mama yake. Alimkuta analia, akamuuliza, akaelezwa. Kisha akaitazama ile picha.

"Mastura!"

"Abee, mjomba."

"Pipa hili ndilo baba yangu?" Mjomba aliinua fremu kwa ghadhabu. "Umeiharibu kazi, kisha unamwambia mama yangu haoni? Huna haya?"

Mastura aliangua kilio, akapiga magoti mbele ya bibi. "Ni mimi niliyeivuta picha. Macho yako yameona sawasawa, bibi. Nisamehe."

Kesho yake alirudia kazi tangu mwanzo, mjomba amemsimamia kanuna. Safari hii alikamata pembe. Babu akakua, naye akabaki babu. Pande zilizobaki wazi wakatia karatasi nyeupe.

Bibi aliitazama, akacheka peke yake. "Ndiye! Hata kidevu chake cha ubishi hiki hapa." Kisha uso ukambadilika, akamgeukia Mastura. "Lakini mimi bado nina hasira nawe. Picha ikiharibika hurudiwa. Jana ulinifanya nisiamini macho yangu wala moyo wangu, na hilo halina mashine ya kulirudia. Ukikosea, sema nimekosea. Usimtwike mwenzio kosa lako, sembuse mtu mzima asiyeona vizuri. Umesikia?"

Lile "Najua" lilimfika Mastura mdomoni, akalimeza.

"Nimesikia, bibi," alisema.