Maji ya Kuotesha Nywele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yovana alikata majani ya kuwalisha simbilisi waliofugwa jikoni kwao, mjini Urubamba. Siku hiyo aliwatupia majani ya jana akatoka mbio, maana darasa la sita lilikuwa na ziara: asubuhi magofu ya Ollantaytambo, mchana soko la Pisac.

Ndani ya basi ndipo alipokumbuka. Wiki tatu zilizopita Mwalimu Hermelinda aligawa kazi: kila mmoja asome kuhusu sehemu moja ya magofu, kisha awaeleze wenzake wakifika. Yovana alipewa chemchemi iitwayo Bafu la Binti Mfalme. Wiki zote tatu alizimalizia uwanjani, akicheza voliboli.

"Rómulo," alimnong'oneza rafiki yake, "chemchemi yangu ina habari gani?"

"Ina maji," akajibu Rómulo bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Mimi nilipewa mawe. Niulize mawe."

Na kweli mawe aliyajua. Alieleza jinsi watu wa kale walivyoyaburuta kutoka mlima wa ng'ambo ya mto, akaeleza vizuri hata wageni waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza. Walipoteremka kwenye chemchemi, wageni wale wakafuata. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja wa mji wa Arequipa mwenye kofia pana, pamoja na mkewe.

"Yovana, zamu yako," alisema mwalimu, kisha akapanda ngazi haraka kuwafuata wavulana wawili waliokuwa wakishindana kuruka matuta.

Yovana aliyatazama maji yakimwagika kwenye jiwe lililochongwa. Macho ya watu thelathini yalimtazama yeye. Mdomo ukafunguka.

"Zamani za Wainka, watu waliojenga hapa, palikuwa na binti mfalme asiye na unywele hata mmoja. Kichwa kiling'aa kama sufuria mpya. Basi akaja hapa akainamisha kichwa majini mara saba, na kila mara akahesabu hadi ishirini. Haukupita mwezi, nywele zikamgusa visigino."

Rómulo alikohoa. Yule mzee akainua mkono.

"Samahani, binti. Huo mwezi ulikuwa wa siku thelathini?"

"Ishirini na nane," alijibu Yovana, kwa kuwa sasa alikuwa amekolea.

Mzee akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kitupu kama yai. "Berta, nishikie."

"Eleuterio, una miaka sabini na moja," alisema mkewe.

"Ndiyo maana nina haraka."

Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma meno. Mzee Eleuterio aliinama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Darasa zima likamsaidia kuhesabu. Yovana alicheka hadi akashika mbavu, na mwalimu aliporudi watu walikuwa wameshatawanyika.

Saa nane mchana, sokoni Pisac, Yovana na Rómulo walikuwa wakila mahindi ya kuchemsha na jibini waliposikia chafya kubwa. Mzee Eleuterio alikuwa amesimama kwenye meza ya vichana, amevaa kofia mbili za sufu, moja juu ya nyingine, na pua imekuwa nyekundu.

"Nipe chenye meno laini," alimwambia muuzaji. "Nywele za mwanzo huwa kama za mtoto." Alipomwona Yovana uso ukamchangamka. "Binti, nimempigia simu ndugu yangu Fortunato. Naye ni kipara, na anakuja na basi la usiku. Mapafu yake mabovu kidogo, lakini nimemwambia avumilie."

Yovana alishusha jibini lake. Alimtazama Rómulo. Rómulo akatazama mahindi yake.

"Babu," alisema kwa sauti ndogo, "asije. Yule binti mfalme sikumsoma popote. Nilimtunga."

"Hata visigino?"

"Hata visigino."

Bibi Berta aliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikirudisha kichana mezani taratibu, na hilo lilimchoma Yovana kuliko kama angemkaripia. Kisha mzee akapiga simu. Fortunato alifoka kwa sauti iliyosikika hadi meza ya tatu: alikuwa ameshanunua dumu la kumchukulia maji kinyozi wake, naye kipara.

Mwalimu Hermelinda alipofika, Yovana alimweleza mwenyewe, tangu voliboli hadi dumu. Mwalimu akamtuma alete chai ya moto. Mzee alikunywa kikombe kizima ndipo akasema.

"Nimetengeneza saa miaka arobaini. Nyingine zililetwa nikiwa sizijui kabisa. Nilimwambia mwenye saa, 'Sijui, niachie nikasome.' Watu walirudi, kwa sababu sikuwaharibia saa zao. Wewe ulikuwa na wiki tatu za kusoma, ukazichezea. Hata leo asubuhi ungeweza kusema 'sijui', ukaaibika dakika moja tu, na mimi nisingekuwa na mafua."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Niongezee chai."

Jumapili yote Yovana alijifungia na vitabu. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akaeleza jinsi maji yale yanavyoletwa kwa mifereji ya mawe, na jinsi jiwe lilivyochongwa.

"Na binti mfalme?" aliuliza Rómulo.

"Sijui kama alioga pale," alisema Yovana. "Nimetafuta katika vitabu vitatu. Hata wataalamu hawana hakika."

"Kaa," alisema Mwalimu Hermelinda. "Mnaona, watoto? Mvivu naye hajui, lakini huficha. Yovana ametafuta mpaka mwisho, kisha akatuambia ukweli. Hiyo ndiyo kazi niliyoiomba."