Mke Aliyeitwa Mvivu

"Usikate simu. Nimetoka hospitali."

Msusi alibana simu begani, vidole bado vikiwa kwenye nywele za mteja. Tangu ahamie kwa dada yake, mumewe alikuwa akipiga kulaumu tu.

"Unaumwa nini?"

"Vali ya moyo imekaza. Haifunguki sawasawa, damu inapita kwa shida."

"Ulikuwa unajisikiaje?"

"Nikipanda ngazi na mkoba wa vifaa, pumzi inakata. Kifua kinabana, naona kizunguzungu. Daktari kanisikiliza, kanipeleka kupigwa picha ya moyo palepale."

Msusi aliacha kusuka. Yote hayo alikuwa nayo yeye, tangu kabla hawajagombana. Kila alipokwenda hospitali aliambiwa ni mawazo, ni umri, akapumzike. Nyumbani, mumewe, fundi umeme, akamwita mvivu anayekwepa kudeki, mpaka akafungasha nguo.

"Wewe wamekuamini siku hiyohiyo," alisema taratibu. "Mimi hata wewe hukuniamini."

Sauti ya mumewe ikashuka.

"Mke wangu, kumbe na wewe ni hivihivi?"

Msusi akakata simu. Jioni ukaingia ujumbe: "Kesho nakupitia twende hospitali. Ukikataa nitashinda mlangoni kwa shemeji."

Msusi alikwenda, lakini kwenye basi alikaa kiti cha mbali naye.

Daktari alimgeukia fundi. "Mama anasumbuliwa na nini?"

"Muulize mwenyewe, daktari."

Msusi akaeleza.

"Nyumbani kuna mawazo, mama?"

"Yapo, kama kwa kila mtu. Lakini juzi nilianguka nikiwa nasuka, na sikuwa nawaza lolote. Naomba nipigwe picha ya moyo."

Akapigwa picha. Vali yake ilikuwa imekaza kuliko ya mumewe, na moyo ulikuwa umeanza kuchoka. Akatangulizwa kwenye upasuaji kabla ya mumewe.

Alipozinduka wodini, fundi alikuwa ameketi pembeni, macho mekundu.

"Nimekukosea," alisema. "Utarudi nyumbani?"

"Ningeweza kufa huku unaniita mvivu."

"Najua. Hilo linaninyima usingizi."

Msusi alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, na mapenzi nayo yalikuwepo, vimekaa pamoja.

"Nitarudi. Lakini jikoni ni kwako mpaka nipone."

"Na mimi nasubiri kisu cha daktari, unajua."

"Basi zamu. Atakayeamka na pumzi ndiye mpishi."

Fundi akacheka, akashika kifua. Mkewe akaacha kutabasamu.

"Panauma wapi?" akamuuliza, akimsogezea mkono.